Injini Iliyoanguka Nchi Kavu

Jamani, leo ushauri wangu mwenyewe umemponza mzee wa watu.

Mimi nauza bima hapa Same. Asubuhi kaingia Mzee Mbwambo, mvuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, na mkataba wa bima ya boti yake ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Injini ya boti imeanguka kutoka kwenye bodaboda, imevunjika."

(Kule wakimaliza kuvua wanaifungua injini, wanaipeleka nyumbani. Wanaogopa wezi.)

Nikafungua mkataba. Injini ina bima ikiwa imefungwa kwenye boti tu!

"Kwa hiyo ningeiacha kwenye boti ikaibiwa, mngelipa?"

"Ndiyo, baba."

"Lakini si wewe uliyeniambia nisiiache?"

Kweli, nilimwambia. Nilitamani ardhi inimeze.

Hata hakunifokea. Alivuta kiti. "Basi nisomee mkataba wote, taratibu, nikawaeleze wenzangu."

Nikamsomea mpaka ukurasa wa mwisho. Akanishukuru, akaondoka.

Hakujua kwamba hata mimi niliyemuuzia, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuusoma wote.

Nyie mngemwambia?