Sinema ya Fundi wa Lifti

Marehemu bibi yangu alipenda sinema moja tu maishani mwake, na nusu ya sinema hiyo niliitunga mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na nne, nikiishi naye kijijini Wawi. Ami yangu, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alituletea deki kuukuu ya kuchezea sinema na sidii tatu. Mbili hazikucheza kabisa. Ya tatu ilikuwa hadithi ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, tena ile ya mwanzo, inayoeleza nguvu zenyewe alizipataje. Ilikuwa kwa Kiingereza kitupu, na bibi wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Hata mimi alinitambua kwa sauti. Basi kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tulikaa ukumbini. Yeye, kama ni msimu, alikuwa na ungo wa karafuu mapajani, akizitoa kwenye vikonyo vyake kwa kupapasa. Mimi nilijisogeza karibu na televisheni nikimsimulia: sasa kaingia, sasa kakaa, sasa anasema hivi.

Kiingereza changu kilikuwa cha skuli, cha kubahatisha. Lakini saa ya kwanza ya sinema ile haikuhitaji maneno mengi. Kijana mmoja na kaka yake ni mafundi wa lifti katika mji wa maghorofa. Siku moja lifti wanayoitengeneza inakatika, inaporomoka nao. Kaka anakufa. Mdogo anatoka mzima. Wiki kadhaa baadaye yuko jikoni kwa mama yake, kikombe kinateleza mezani, naye ananyoosha mkono bila ya kufikiri. Kikombe kinasimama hewani, na chai ndani yake imeinama upande mmoja, haimwagiki.

Kila tulipofika hapo bibi aliacha kuchambua.

"Kimesimama?"

"Kimesimama, bibi."

"Hakijafika chini?"

"Bado kiko juu."

"Subhanallah. Kirudishe tena."

Baba yangu, mwanawe wa kwanza, alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akafa, mimi sijaanza skuli. Bibi alikuwa chini ya mti huohuo akiokota karafuu zilizodondoka. Hakuwahi kunisimulia siku ile, wala mimi sikumwuliza. Nilichoweza kukifanya ni kukirudisha kikombe, mara tatu, mara nne, mpaka aseme basi.

Tatizo ni kwamba sidii ilikuwa imekwaruzika. Kijana anakwenda kwa mama yake kumwambia ukweli wote, anafika mlangoni, na hapohapo picha inakatika vipande vya rangi na sauti inakwama. Niliifuta kwa khanga, nikaipaka dawa ya meno kama nilivyoambiwa na wenzangu skuli. Haikusogea.

"Ehe, kisha?" bibi aliuliza siku ya kwanza.

Sikuwa na moyo wa kumwambia imekwisha. Nikasema, "Anabisha hodi, mama anamfungulia." Kutoka hapo nikaendelea mwenyewe. Mama anamkalisha, anampakulia wali, na kijana anamweleza kwamba mkono huu ungeweza kumzuia kaka yake asife, laiti nguvu zingekuja mapema kidogo. Mama anaushika ule mkono, anaulaza shavuni kwake. Nilisimulia nikiwa nimeikazia macho televisheni iliyoganda, na bibi alilia bila ya kujificha. Tangu Jumamosi ile, hiyo ndiyo ikawa sinema yetu.

Miaka ilipita. Nikaenda Unguja kusomea ualimu, nikarudi, nikapangiwa skuli moja Vitongoji. Bibi alifanyiwa upasuaji wa macho, kwanza moja kisha la pili, na kitu cha kwanza alichonambia baada ya kuusema uso wangu kwamba umekonda kilikuwa hiki: "Ile sinema ya fundi wa lifti unayo? Nataka kuiona kwa macho yangu."

Ningeweza kusema imepotea. Lakini mwalimu mwenzangu kutoka Bara alikuwa nayo kwenye flashi, nzima kabisa, nami mwenyewe nilitamani kujua nyuma ya mlango ule kuna nini.

Tukakaa ukumbi uleule, kompyuta juu ya kigoda. Saa ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Hakuna anayeharakisha. Kijana anaosha vyombo, anafunga kamba za viatu vya marehemu kaka yake na kuvirudisha chini ya kitanda, na unamwamini. Kikombe kiliposimama, bibi alinyoosha mkono wake mwenyewe kuelekea kwenye kioo.

"Kumbe ni kijana mdogo hivi," alisema. "Mimi nilimwona mtu mzima."

Kisha tukafika mlangoni. Kijana akainua mkono abishe, king'ora kikalia mtaani, akageuka na kukimbia. Hakurudi tena. Akatokea adui ambaye hatukuelezwa katoka wapi, maghorofa yakaanza kuporomoka, wakazuka mashujaa wengine, wakitupiana mzaha huku watu wakikimbia chini. Vitu elfu vilianguka na hakuna hata kimoja kilichotuuma kama kile kikombe.

"Mamake yuko wapi?" bibi aliuliza.

"Haonekani tena, bibi."

"Na wali? Na ule mkono shavuni?"

Nikamwambia kweli. Nikamweleza sidii ilivyokuwa ikikwama, na kwamba yote yaliyofuata yalikuwa yangu. Nilidhani atanicheka. Aliponitazama, kwa macho yake mapya, niliona nimemuumiza.

"Nimeihadithia watu wangapi mimi," alisema. "Nimemhadithia dada yangu anaumwa, siku zake za mwisho. Nimemwambia nimeisikia kwa masikio yangu."

"Nisamehe, bibi."

"Ungenambia. Ningeipenda vilevile, lakini ningejua ni yako."

Siku mbili alizungumza nami kwa maneno ya lazima tu: chai, maji, funga dirisha. Siku ya tatu akaja jirani yetu wa nyumba ya pili, mmoja wa wale waliohadithiwa. Alikuwa amesikia tunayo sinema yenyewe sasa, akaomba aione. Nilimtazama bibi.

"Iweke," bibi akaniambia. "Lakini yule kijana akifika mlangoni uizime."

Nikafanya hivyo. Jirani akashangaa: "Mbona unaizima?"

"Hapo mbele wameharibu," bibi alisema, akimgeukia. "Kuna mwisho mwingine, kautunga mjukuu wangu huyu, na mimi nimeuongeza kidogo. Sikiliza."

Akaanza na hodi. Alipofika kwenye wali alimfanya mama aulize swali ambalo halikunijia nilipokuwa na miaka kumi na nne, na waliotengeneza sinema hawakuliuliza pia: "Kaka yako alisema nini mwisho?"

Nikaifunga kompyuta, nikaketi mkekani karibu na jirani, nisikie kijana atajibu nini.