Kilomita za Mume Wangu

Mume wangu hakuwahi kupata leseni ya udereva, lakini mtaa mzima wa Jericho, Nairobi, hakukuwa na mtu mwenye maoni mengi kuhusu magari kumshinda. Alikuwa karani wa reli. Mtihani aliujaribu mara tatu, na mara ya tatu akapanda ukingo wa barabara na mtahini yumo ndani. Tangu siku hiyo akatangaza kwamba udereva unamtaka mtu mwenye subira. Basi mwenye subira nikawa mimi.

Gari nililitaka kwa sababu moja. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza huko Njiru, wakati Njiru bado ni vumbi, mbuzi na machimbo ya mawe. Bila gari nilitoka nyumbani watoto wangu wamelala, nikabadilisha basi, nikatembea kipande kilichobaki, na jioni nikarudi nikawakuta wamelala tena. Darasa lile nililipenda mno, lakini nilishaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho. Halafu gari likapatikana.

Lilikuwa la kijivu, milango minne, limepita mikono miwili kabla ya yetu. Saa ya kuhesabu mwendo kwenye dashibodi ilisoma elfu sabini na moja. Mume wangu aliinama dirishani, akaisoma, akasimama wima kama anayetoa hukumu.

"Injini ni kama mtumishi wa serikali, ina siku yake ya kustaafu," akasema. "Hii ikigonga laki moja ya kilomita tunauza siku hiyo hiyo, kabla haijatuaibisha."

Nilikubali. Ningekubali lolote siku ile.

Sasa, hilo neno kilomita. Miaka hiyo mabango ya barabarani yalikuwa yamebadilishwa, maili zimeng'olewa, na mume wangu alipenda kila kipya cha serikali. Ukitaja maili mbele yake alikuuliza kama bado unatawaliwa na Mwingereza. Kwake yeye, namba yoyote iliyohusu barabara ilikuwa kilomita, na hakuna aliyembishia.

Desemba ya kwanza tulikwenda kwao, upande wa Kakamega. Yeye alilala kuanzia Limuru, mdomo wazi. Mimi nikawa nasoma mabango, na tulipofika nikaangalia saa ya gari. Kwa mabango tulikuwa tumekwenda karibu mia nne. Kwa saa, mia mbili na arobaini tu. Niliketi pale uani kwa mama mkwe, mikono bado kwenye usukani, nikipiga hesabu. Saa ile ilihesabu maili. Elfu sabini na moja zetu zilikuwa zaidi ya laki moja na elfu kumi za kilomita. Kwa sheria ya mume wangu, tulinunua gari lililokwisha kustaafu.

Ningemwambia, lingeuzwa kabla ya Krismasi. Nikanyamaza. Mimi si mwongo, lakini sikuulizwa. Nikaamua kwamba siku sifuri za laki moja zitakapofika kwenye saa, gari litakuwa zima kiasi kwamba lenyewe litajitetea.

Nikamwendea fundi mmoja aliyefanyia kazi kwenye uwanja nyuma ya soko la Jericho, mzee wa Murang'a mwenye kofia iliyolowa grisi mpaka ikang'aa. Nilimwambia sitaki kutengenezewa gari, nataka kufundishwa. Akanitazama kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Mwalimu, hii gari haina shida," akasema. "Shida iko kwa watu. Watu wanangoja iharibike ndio waangalie. Wewe angalia ikiwa mzima."

Huo ndio ulikuwa utaalamu wake wote, na mengine yalikuwa kazi ya mikono. Alinifundisha kuangalia maji na oili kila asubuhi kabla ya chai, injini ikiwa baridi. Kuiacha ingurume kidogo kabla ya kuondoka, na kutoikanyaga mpaka ipate joto. Kubadilisha oili kila maili elfu tatu, bila kusubiri hata mia moja ya ziada. Kusafisha plagi kwa brashi ya waya na kuzisoma rangi, kwa maana plagi nyeusi inakueleza jambo na ya kahawia inakueleza jingine. Kupaka grisi kwenye viungo vya chini kila mwezi. Na kusikiliza. Alinifunga macho kwa leso yangu mwenyewe akanitaka niseme kama mkanda wa feni umelegea.

Jumamosi moja kila mwezi nililala chini ya gari uani, beseni kifuani, miguu nje. Majirani walipita kunitazama na kucheka. Mama mmoja wa nyumba ya pili alimuuliza mume wangu nimemkosea nini. Lakini oili chafu hawakuicheka. Waliigombania wapake nguzo za ua, mchwa wasizile. Na jioni za wiki nilikula ugali na watoto wangu macho yao yakiwa wazi, nikawa sijali nani anacheka.

Miaka minne ikapita hivyo. Sifuri zilifika Jumamosi mchana, Barabara ya Jogoo, tukitoka mjini. Mume wangu alikuwa amewanyamazisha watoto tangu tuanze safari. Zile tisa tano zikatetemeka, zikapinduka zote kwa pamoja.

"Basi," akasema. "Tumefika. Kuna mwenzangu ofisini, atakuja Jumatatu kuliona."

Nilisimamisha gari pembeni, injini ikiendelea kunguruma.

"Baba watoto, hii injini unaisikiaje?"

"Iko sawa. Kama cherehani."

"Hizo ni maili. Laki moja ya kilomita ilipita kabla hatujainunua. Sasa iko laki na elfu sitini."

Nilimpa hesabu yote, Kakamega, mabango, usingizi wake wa Limuru. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa wiki nzima, hoja zimepangwa. Yeye akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo kila siku ulikuwa unakwenda Njiru na gari iliyokwisha?"

"Haijaisha. Ndiyo ninayokwambia."

"Kila jioni nikitoka kazini naenda kusimama pale njia panda ya kuingia mtaani mpaka niione inakuja," akasema. "Ile njia ya Njiru haina watu. Nilijiambia siku moja itakufia huko, giza linaingia, na mimi siwezi hata kukufuata. Sijui kuendesha."

Miaka minne nilimwona ni mtu wa sheria tu, na nilimficha namba nikijiona mjanja. Niliona aibu, nikashindwa hata kumcheka. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema mwanamume anaanzaje kusema kitu kama hicho.

Jumatatu mwenzake aliambiwa gari haliuzwi, na likaishi nasi miaka mingine tisa. Lakini ninachokumbuka zaidi ni asubuhi ya Jumanne. Nilitoka kuangalia oili nikamkuta ameshatangulia uani, shati la kazini, kitambaa mkononi, akilizunguka gari. Hakujua boneti inafunguliwa wapi. Nikamwonyesha. Akakichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kwa muda.

"Hii inatosha kukurudisha nyumbani?" akauliza.

Nikamwambia inatosha.