Kuku Aliyechelewa Bakulini

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kila nikikuona umeshika ndimu na jogoo amekwisha chinjwa. Umeniuliza kama kuna faida kumloweka kuku viungo kabla ya kumpika. Ngoja nikae, nikujibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Katindiuka. Nilikuwa nimetoka chuo, na kichwa changu hakikuwa na amani. Hata kuchagua kanga kulinimalizia asubuhi. Mama yake baba yako akaja kutoka Chita kunitazama. Kama angeondoka bila kula kwetu, kwao wangeelewa kwamba tumemkataa kijana wao. Na treni ya kumrudisha ilikuwa jioni.

Jogoo wetu alikuwa mzee, nami niliogopa atakuwa mgumu. Nikamloweka kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Kila shangazi yangu alipotaka kubandika sufuria, nilimzuia. Vimeingia? Havijaingia? Nanusa, nageuza vipande, nafunika tena. Jua likaanza kuinama.

"Wewe binti," shangazi akasema, "viungo vikiingia zaidi ya hapo vitatokea upande wa pili!"

Sikucheka. Ndipo mgeni, ambaye kwa heshima ya ukwe asingeweza kuingia jikoni kwetu, akaita kutoka barazani:

"Mwanangu, huyo kuku anapikwa au bado anaoga?"

"Shikamoo mama, bado kidogo," nikajibu, ingawa nilikwisha mwamkia asubuhi.

"Marahaba tena! Mtoe kwenye maji, mama. Nimekuja kukuona wewe, na tangu nifike sijakuona."

Nikabandika, kisha nikaenda kukaa naye. Tulipopakua, jogoo hakuwa laini. Jogoo mzee hulainishwa na moto wa taratibu, na muda wake nilikuwa nimeumalizia kwenye bakuli. Nikamwekea firigisi juu ya wali, kama desturi. Akatafuna, akatafuna, akacheka.

"Ladha imefika mfupani. Meno yatapumzika kwenye treni."

Alikula akamaliza. Paja moja akalifunga kwenye jani la mgomba, ampelekee mzee wake. Hapo moyo wangu ukatua.

Basi loweka, mwanangu, viungo vinanoga vikipata nafasi. Lakini anza mapema, na muda mwingi uuache kwa moto. Mgeni akifika, bandika, kisha kaa naye. Usimwache peke yake barazani kwa sababu unatafuta ladha isiyo na kasoro. Mungu akujalie jiko lisilozimika, na wageni wanaoona uchungu kuondoka kwako.