Hukumu Tuliyotoa Betri Zilipokwisha

Vichekesho sikuvipenda tangu mwanzo, na hadi leo sioni sababu ya kubadili. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, televisheni tuliisikia tu kwa watu waliovuka mpaka wa Kenya pale Sirari, nao walirudi wakasimulia kama mtu aliyeota. Sisi mchezo tuliutazama kwa masikio, redioni. Na kila kichekesho kilikuwa na mjinga wake, na mjinga huyo lazima atoke bara, asiyejua kutofautisha ngazi na kitanda, mwenye Kiswahili kama cha baba yangu. Majirani zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliwatazama tu nikijiuliza kama wanajua wanamcheka nani.

Michezo ya upelelezi ndiyo niliyoipenda, ingawa nayo ilikuwa na vituko vyake. Inspekta hakosi petroli, wakati kwetu gari la wilaya lenyewe tulilijua kwa kulisukuma. Simu ikipigwa inapokelewa. Mtu anauawa sebuleni na sukari ipo mezani, tele, wala hakuna hata askari mmoja anayeiangalia kwa tamaa.

Wazee wa kwetu hawakuwa na shida na sukari. Shida yao ilikuwa nyayo. Kwetu ng'ombe akiibiwa, watu wanafuata nyayo zake, na zikiingia kijijini kwenu ni kazi yenu kuonyesha zilipotokea. Mkishindwa, mnalipa nyinyi.

"Mwalimu," mzee mmoja aliniambia, "huyo inspekta wako kazi yake kukaa kwenye kiti na kuuliza watu maswali. Nyayo atazifuata saa ngapi?"

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji kimoja cha upande wa Gorong'a, ndiyo sababu nikawa na redio. Niliishi na bibi yangu, mzaa baba. Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na kununua chumvi, kwa hiyo kila Jumapili alasiri nilikaa naye uani, redio juu ya kigoda, nikimtafsiria kwa Kikurya sentensi kwa sentensi. Majirani walikuja na viti vyao. Watafsiri wengine walijitokeza bila kuombwa, kila mmoja na chumvi yake.

Bibi alikuwa na sababu yake ya kusikiliza. Babu yangu alikuwa na wake wawili, na bibi ndiye mkubwa. Babu alifia nyumbani kwa bibi, baada ya kunywa uji wake, akilalamika tumbo. Kabla maiti haijapoa maneno yalishaanza: amekunywa wapi? Kwa mkubwa. Kesi ikapangwa ipelekwe kwenye ritongo, baraza letu la wazee, ili bibi ajitetee mbele ya watu. Lakini kabla ya siku kufika ikaja amri ya kuhamia vijijini. Nyumba zikavunjwa, wazee wa baraza wakatawanywa, huyu kijiji hiki, yule kile, na kesi haikusikilizwa tena. Hakuna aliyemhukumu bibi na hakuna aliyemsafisha. Watu wana msemo wao kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Msemo huo nauchukia kuliko matusi. Kwa sababu yake, mtu akifika kwetu na njaa yake atasema ametoka kula sasa hivi, tena ameshiba kweli kweli.

Viwanja vya kijiji kipya vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na aliyepima hakujua habari za mtu. Bibi mdogo, yaani mke mwenza, akapewa kiwanja kinachotazamana na chetu, barabara ikiwa katikati. Walisalimiana kila asubuhi. Uani kwetu hakuwahi kukanyaga.

Sasa ukaja mchezo wa mfululizo ambao ulimshika bibi shingoni. Tajiri mmoja wa mjini anakufa baada ya chakula cha jioni, na inspekta anamshuku mke wake kwa sababu ndiye aliyepika. Wiki baada ya wiki mke analia kwamba hana hatia, na inspekta anawasha kiberiti, anavuta sigara, anasema, "Tutaona." Bibi alimchukia yule inspekta kama mtu aliyemkopa mbuzi. Siku za katikati ya wiki, tukipepeta mtama, ananiuliza ghafla:

"Watamwachia?"

"Sijui, bibi. Ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo. Nimekuuliza watamwachia?"

Alitaka kusikia kwa masikio yake mwanamke aliyeshukiwa akiambiwa mbele ya watu: nenda, huna kosa. Hata kama ni wa redioni. Nililielewa hilo na liliniuma, kwa hiyo nilizilinda betri zile kama mayai. Duka la ushirika lilikuwa na majembe na chumvi, betri hakuna. Za kwangu nilizipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Tarime mjini, mzee wa kanzu asili yake pwani, aliyeziuza kwa kunong'ona. Zilipochoka niliziweka juani kila siku ili zipate nguvu kidogo.

Jumapili ya mwisho ua ulijaa. Inspekta akawakusanya wote sebuleni, mke, mdogo wa marehemu, mtumishi, daktari. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kuwa nzito kwa sababu ya betri. Akasema, "Aliyemuua yumo humu ndani, na jina lake ni..." Akaishia hapo. Nilizitoa betri nikazisugua, nikaziuma kwa meno, nikazirudisha. Kimya.

Kelele zilizofuata sitazisimulia. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyezituliza. Akasimama, akashika fimbo yake, akasema penye wengi hapaharibiki neno. Ushahidi wote tumeusikia, inspekta hana alilotuzidi ila sigara, basi tuamue wenyewe. Watu wa mahali pengine wangecheka wakaenda nyumbani. Sisi tulisogeza viti. Mmoja mmoja akapewa nafasi, kama kesi ya ng'ombe hasa, na mzee wa nyayo akaanza kwa kulalamikia nyayo.

"Aliyepika ndiye," akasema mwingine. "Mengine ni maneno ya redio."

"Aliyepika ndiye," wakaitikia watatu wanne.

Nilimtazama bibi. Alikuwa akipukuchua mahindi, na mikono yake ilisimama. Nilijua sasa hivi watamhukumu yule mwanamke, na bibi atakuwa amekaa pale akisikia. Nilipata hasira kiasi cha kutaka kuwafukuza wote.

"Muulizeni marehemu alitoka wapi kabla ya kufika kwenye chakula hicho."

Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Bibi mdogo alikuwa amekaa mlangoni kwake, mahali alipokaa kila Jumapili akisikiliza redio yetu kwa mbali.

"Hilo halikusemwa kwenye mchezo," balozi akamjibu.

"Halikusemwa kwa sababu hakuna aliyeuliza." Akasimama, akavuka barabara, akaingia uani kwetu. "Mtu anaweza kufika kwa mke tayari ni mgonjwa. Anaweza kuwa ametoka mnadani tumbo limemshika, amepita kwa mke mdogo, amekataa hata maji, na mke mdogo amemwambia nenda kwa mkubwa, yeye anajua dawa."

Hata watoto walielewa kwamba tajiri wa mjini hayumo tena katika maneno yale.

Bibi akasema polepole, "Alipita kwako?"

"Alipita, mkubwa."

"Akiwa anaumwa?"

"Hakuweza kunyooka."

"Na ulinyamaza miaka yote hii?"

"Ningesema alianzia kwangu, wangeniuliza mimi. Nilikuwa na watoto wadogo." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo niliisikia mimi tu na bibi, "Niliogopa."

Nilidhani bibi atamtukana, au atamkumbatia kama wafanyavyo katika michezo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Hapa umesema mbele ya redio iliyokufa. Utakwenda kuyasema kwenye ritongo." Kisha akaendelea kupukuchua mahindi yake.

Mwalimu mwenzangu aliyekuwa mjini Mugumu aliusikia mchezo hadi mwisho, akaniambia muuaji alikuwa mdogo wa marehemu. Nilimpelekea bibi habari hiyo kama zawadi. Akasema, "Haya," hakuuliza zaidi.

Ritongo ilikaa mahindi yalipokwisha kuvunwa, kwa sababu wazee walipaswa kuitwa kutoka vijiji walikotawanywa. Bibi mdogo alisimama katikati akasema yote, akaulizwa, akarudia. Wazee walimlaumu sana. Halafu mkubwa wao akamgeukia bibi akamwambia hana kesi, hajawahi kuwa nayo, na asiyekula kwake kuanzia leo ana lake jambo. Bibi akashukuru kwa adabu. Tukarudi nyumbani.

Tulipofika uani alivua kitambaa chake cha kichwa, akakaa chini, akaanza kulia kwa sauti, kilio kile cha msiba, akimwita babu kwa majina yote ya sifa. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mwanamke anayeshukiwa haruhusiwi kumlilia marehemu, akilia anaambiwa anajifanya, na yeye alikuwa hajamlilia mume wake hata siku moja. Bibi mdogo alivuka barabara akakaa karibu naye, akalia pia. Watu waliokuwa wanatoka shamba la ujamaa wakasimama na majembe begani, wakaniuliza nani amefariki. Nikawaambia ni babu yangu. Wakaniuliza amefariki lini.