Baba Alipokuwa Mungu wa Bahari

Majira ya baridi ya mwaka ule yaliingia nyumbani kwetu na harufu ya tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi. Ilipenya ukutani kutoka kwa jirani, ikachanganyika na vitunguu vya Mama jikoni, ikakaa kwenye makoti yetu mpaka shuleni. Ilikuwa mwaka 2006, nikiwa na miaka tisa, tukiishi Malvern, pembeni mwa jiji la Toronto, katika nyumba za kuungana ambazo mtu akikohoa jirani anajua. Jirani mwenyewe alikuwa Nora, mjane mtu mzima aliyetoka Ayalandi, mchoraji. Mama alimwita yule mama wa ukutani, na hakumwamini hata kidogo. Alisema mtu anayejifungia na rangi kutwa nzima ana lake jambo.

Baba alizoea kumwondolea theluji mlangoni kabla ya kwenda kazini ghalani, maana ndivyo alivyolelewa, na Jumamosi moja Nora akamwomba akae amchore. Alikubali haraka mno, kwa jinsi Mama alivyoona. Basi kila Jumamosi alivaa sweta lake la bluu akaenda mlango wa pili, nami nikatumwa nyuma yake na sahani ya maandazi. Maandazi yalikuwa kisingizio tu; kazi yangu ilikuwa kuangalia na kurudi kusema. "Mwanamke anamkodolea mume wa mtu macho saa nzima," Mama aliniuliza, "anatafuta nini usoni?" Nami nilianza kushuku, kwa sababu zangu mwenyewe.

Sebule ya Nora ilijaa picha za watu, ukutani mpaka juu ya friji. Ungedhani wanapumua: vinyweleo vya mikono, mishipa ya shingo, unyevu wa midomo. Kulikuwa na mzee wa kitambi aliyekumbatia chungu kikubwa, mwanamume mwenye mkono wa fedha, na mwanamke aliyetuliwa na kunguru begani. Nora alinieleza kwamba hao ni miungu ya kwao ya zamani, lakini mimi nilikuwa nimeshamtambua mwenye kunguru. Alikuwa keshia wa duka tunakonunua maziwa. Na yule wa chungu ndiye dereva wa basi letu la shule, kavuliwa kofia tu. Nilirudi mbio nikamwambia Mama, kwa Kiingereza kama ilivyokuwa kawaida yetu watoto, kwamba Nora anakusanya watu. Mama akamtaka Baba asiende tena. Baba alicheka sana. Alisema hao ni Wazungu wenzake, yeye anachorwa kama yeye, na picha ikikamilika ataituma nyumbani Machame kwa bibi. Nani, aliuliza, atamfanya mungu mpakizi wa samaki wa barafu?

Mwezi Machi picha za Nora zilitundikwa maktaba ya mtaa. Aliyeiona ya Baba kwanza ni Mama Neema, mtunza hazina wa usharika wetu wa Kiswahili kanisani, aliyekwenda kurudisha vitabu vya wanawe. Siku chache mbele Baba alitarajiwa kuwekwa wakfu kuwa mzee wa kanisa. Alilisubiri jambo hilo tangu tuhamie nchi hii, kwa sababu ghalani hakuna aliyeweza kutamka jina lake, na kanisani watu walisimama kumsalimu. Mama Neema alipiga simu, akaongea taratibu kama anayeleta habari ya msiba. "Mama Upendo, mumeo yuko maktaba. Wamemfanya mungu." Jioni ileile mchungaji naye akapiga: habari ya wakfu isubiri kwanza.

Baba alinichukua tukaenda. Picha ilikuwa karibu na mlango wa choo. Alikuwa amesimama katika mashua, joho la kijani mabegani, kasia mikononi, mawimbi yamempita kimo, na kadi ya chini ilisema Manannán, mungu wa bahari. Baba yangu, Mmachame, mtu wa mlimani asiyejua kuogelea hata kwenye beseni. Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki. "Amenipatia kabisa," alisema kwa sauti ya chini. Sikuwahi kumwona akijitazama namna ile. Nyumbani kioo alikitumia kunyolea ndevu tu. Nilimwonea huruma, na nikamchukia Nora.

Siku hiyohiyo alimwendea Nora, akakataa kuketi. Nora alijitetea kwamba miungu hiyo haiabudiwi na mtu tena, kwamba ameipa tu sura za watu wanaomtendea wema. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Sura hii ina Mungu wake, dada," alimwambia. "Nakuomba uiondoe." Nora akaitikia, na kesho yake picha haikuwapo maktaba. Baba aliwekwa wakfu baada ya Pasaka. Theluji ya Nora aliendelea kuiondoa miaka yote, ila ndani hakuingia tena. Mama alitulia, mimi sikutulia. Niliona Nora amekubali upesi mno.

Siku hizi picha ya Baba, ya kupigwa na simu tu, iko kwenye simu za washarika wote. Mama Neema mwenyewe huituma asubuhi, imezungushiwa maua na maneno ya baraka, na mchungaji hujibu amina bila kuuliza imetoka wapi. Wakati ule uso mmoja karibu na choo cha maktaba ulitosha kututia aibu nyumba nzima. Nora alishahamia kwa binti yake, na mwaka jana nilikikuta kitabu chake cha picha katika duka la vitabu vilivyotumika. Mungu wa bahari yumo. Uso ni wa Mzungu mwenye ndevu nyekundu, simjui. Lakini mikono iliyoshika kasia lile ni ya kahawia, na kidole kidogo cha kushoto kimepinda palepale mlango wa chumba cha barafu ulipokibana cha Baba. Aliombwa aondoe sura, akaondoa sura. Nilikasirika, nikafurahi, sijui kipi kilitangulia.

Nilimpelekea Baba. Alivaa miwani, akauweka mkono wake mezani kando ya ukurasa, akatazama mkono, akatazama picha. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Usimwonyeshe mama yako," alisema, akakivuta kitabu upande wake.