Mama na Ukuta wa Sebuleni

Kiharusi kilimpata Mama mwaka niliohamishiwa kufundisha shule moja ya msingi mjini Kisumu, mwishoni mwa miaka ya themanini. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yote yakampotea isipokuwa moja: ooyo, yaani "hapana" kwa Kijaluo. Ukimpa chai, ooyo. Ukimuuliza kama amelala vizuri, ooyo, hata pale macho yake yaliposema ndiyo.

Kaka yangu alimtoa kijijini kwetu Usenge, kando ya ziwa, akamleta kwake mjini, kwenye nyumba ya mawe iliyopakwa rangi ya maziwa. Alimpenda, siwezi kumsingizia. "Mama amefanya kazi ya kutosha," alisema. "Sasa apumzike." Basi akawekwa kwenye kochi, akapumzishwa kama kiti kilichovunjika mguu.

Jumamosi moja nilimkuta amemwaga uji mezani. Nikachukua kitambaa nipanguse, ndipo nikaona kidole chake cha mkono wa kushoto kinatembea ndani ya uji: mstari wa mawimbi, nukta, mstari tena. Niliutambua. Kila Desemba Mama alikuwa akisiriba nyumba yetu upya kwa udongo mwekundu na mweupe, halafu anaipamba hivyo hivyo kwa vidole.

Jumatatu jioni nilimpelekea chaki za rangi na karatasi za manila kutoka shuleni.

"Dada, umemletea Mama vitu vya nasari?" kaka akauliza. "Wageni watasema amerudia utoto."

"Hao wageni wanakuja kumwona Mama ama wanakuja kumkagua?"

Mama aliendelea kuchora, na kwa mara ya kwanza tangu augue, hakunitazama nilipoaga. Alikuwa na shughuli.

Jumapili iliyofuata walikuja wazee wawili wa kanisa. Walikunywa chai, wakamzungumzia mbele yake. "Maskini, hata hasikii tena," mmoja akasema. Mama akanivuta gauni. Nilimwinua, nikamshika kiuno. Akaburuta mguu hadi ukutani, akachora wimbi jekundu kutoka dirishani mpaka mlangoni, bila haraka, huku chai ikipoa vikombeni.

"Mama!" kaka akapiga kelele.

"Ooyo," Mama akamjibu, na siku hiyo neno lilimaanisha hasa linachosema.

Wageni walipoondoka, kaka alikuja na kitambaa chenye maji. Nikasimama kati yake na ukuta. "Futa," nikamwambia, "na kesho nitamletea makaa." Alinitazama, akatazama ule mstari, akarudi jikoni.

Karatasi zikaongezeka. Kwa wiki kadhaa Mama alichora kitu kimoja tu: nyumba yenye mlango unaotazama maji, na mbele yake nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani. Nilizipanga zote mezani, nikamwita kaka. Alizipitia moja moja.

"Huu si mlango wa kwetu?" akauliza.

"Amekuwa akikuambia tangu mwezi jana."

Alimrudisha Usenge yeye mwenyewe. Nami nikaomba uhamisho, nikafundisha shule ya huko.

Majirani walituchimbia udongo. Mama aliketi kwenye kigoda, akasiriba kwa mkono wa kushoto. Baada ya wiki mbili akaja mjane wa boma la pili, ambaye mikono yake ilitetemeka hata asiweze kushika kikombe. Ukutani ilitetemeka vilevile, na mistari yake ikatoka mizuri kuliko ya wote. Wakaja wengine. Walibishana, walicheka, walisengenya. Katikati ya kelele hizo maneno ya Mama yakaanza kurudi: kwanza majina ya rangi, kisha majina yetu.

Daktari alisema ni mazoezi ya mkono. Sawa. Lakini kilichokuwa kimelala kwenye lile kochi la mjini hakikuwa mkono peke yake. Wapo walioniambia ningemwombea tu badala ya kumchafua matope mzee wa watu. Nilimwombea pia, matope yakiwa mpaka kwenye viwiko. Mkono wa kulia haukupona. Aliishi miaka saba zaidi, na hakuna hata mwaka mmoja aliokaa akisubiri kufa.

Mara moja tu nilijaribu kumsaidia. Mstari wake ulikuwa umepinda karibu na dirisha, nikaunyoosha kwa kidole. Alinipiga kofi mkononi, la kuuma kweli.

"Wacha," akasema. "Huu ni wangu."

Nikaenda kunawa.