Sikio Kifuani

Baba yangu, Simiyu, aliendesha magarimoshi ya mvuke. Jirani yetu hapa mtaani Jericho, Kitonga, alitengeneza ndege za zamani. Kila Jumapili baada ya kanisa walibishana injini ipi ni tamu zaidi, ya garimoshi au ya ndege, hadi chai yangu inapoa na mimi nimewachoka. Walikubaliana jambo moja tu: mashine za siku hizi huugua kimyakimya, za zamani husema. Kitonga alikuwa akigusisha bisibisi kwenye injini na kuweka sikio kwenye mpini, na alichosikia alikisema hata mwenye ndege akinuna.

Juzi hospitali ilituambia tumrudishe Baba nyumbani. Daktari aliniambia mimi ukweli, si Baba. Baba akamwita Kitonga, akafungua shati.

“Sikiliza injini. Hawa wengine wananizungusha.”

Kitonga akainama, akamwekea sikio kifuani. Mimi nilikuwa mlangoni na bado niliisikia ile pumzi ikikwaruza.

“Iko sawa,” Kitonga akasema. “Bado inapanda mlima.”

Baba akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja.

“Ukinidanganya wewe,” akasema, “basi imekwisha.”